Betri Zilikuwa Juu ya Paa

Kambi ya Barabara,
Mikumi.

Kwa Kaka Hamisi,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu mama alitulea hivyo, si kwa sababu nina hamu. Mimi ni mzima wa afya. Wifi na watoto hawajambo? Mguu wa Mama Mkubwa umepoa? Baada ya salamu, kaka, jua kwamba umenikasirisha mno, na hasira zangu hazijatulia tangu jana.

Ijumaa iliyopita ilikuwa siku ya ndoa yangu. Unashangaa? Shangaa tu. Yule Rajabu wangu, dereva wa greda niliyekuja naye huko sikukuu ya Idi, kikosi chao kinahamia Iringa, ikabidi tuharakishe. Barua ya posta isingewahi, nikapeleka tangazo redioni: Hamisi wa Chanzuru afike Mikumi Ijumaa, amwozeshe mdogo wake. Lilisomwa siku tatu mfululizo, saa saba mchana. Nililisikia mwenyewe nikiwa jikoni kambini, mwiko mkononi, nikacheka peke yangu kwa furaha.

Siku ikafika. Watu wamekaa mkekani, pilau imeiva, sheikh anauliza, "Walii wa kumwozesha yuko wapi?" Nikasema yuko njiani. Lori la kwanza likapita, la pili likapita, hadi alasiri ikaadhiniwa. Shangazi yake Rajabu akasema makusudi nisikie, "Huyu binti ana kwao kweli?" Nililia mpaka wanja ukanichuruzika.

Sheikh akafunga kitabu. "Baba yake ni marehemu, lakini kaka yu hai, tena yuko Chanzuru hapo tu. Siwezi kumruka. Tumngoje Ijumaa ijayo. Asipofika, nitamwozesha mimi."

Nilidhani umekufa, kaka. Wallahi nilidhani umekufa. Jana akaja Mzee Athumani, jirani yetu wa huko nyumbani, kumwona bintiye. Nikamuuliza unaumwa nini.

"Hamisi? Mbona mzima! Wiki nzima betri zake ziko kwenye ungo juu ya paa, mchana kutwa. Anazianika zipate moto, jioni asikilize mpira."

Mpira! Duka la kijiji halina betri, redio za wenzako zote zimenyamaza, yako peke yake ndiyo inasema, nawe unaitoa betri saa ya matangazo! Nani alikufundisha kuanika betri zilizokwisha? Ni mimi. Nani alikuchongea mwanzi wa kuzipanga kwa mstari, akakuonyesha pa kufunga waya? Ni mimi, kabla sijaja huku, ili tusipoteane. Nikakuachia mafungu mawili, moja likiwa juani jingine liwe redioni. Wewe umepandisha yote mawili.

Barua hii anakuletea Mzee Athumani. Nimemwambia asiondoke mpaka umeisoma mbele yake. Ijumaa hii, kabla ya adhuhuri, uwe hapa. Jumamosi Rajabu anaondoka, na mimi naondoka naye.

Mpe Mama Mkubwa shikamoo yangu, na mwambie pilau ililiwa na wapita njia. Nisalimie wifi, yeye sina ugomvi naye. Binamu Saidi, fundi baiskeli, mwombe akupakie mpaka Kilosa, upate lori mapema.

Usipofika, sheikh ataniozesha. Na huko Iringa wakiniuliza kama nina kaka, nitasema nilikuwa naye.

Mdogo wako mpaka Ijumaa,
Zainabu