Goti la Baba Thandi

Alhamisi, 11 Julai

Baridi ya kijinga hapa Johannesburg. Nimeshona tangu asubuhi, kanga kichwani, sweta mbili mwilini. Gauni la Mama Furaha limebaki mikono. Ni Mkongo wa ghorofa ya juu, na harusi ya mdogo wake ni wiki ijayo.

Thandi kapita baada ya kazi na koti lake jekundu. Zipu imekufa. Jumamosi anatupeleka Lesotho, mimi na baba yake, tukaone theluji. Kashakwenda mara mbili na wenzake wa ofisini kuteleza kwa zile mbao za kufunga miguuni, sasa anajiona bingwa. Anasema safari hii theluji imeanguka yenyewe, ya kuzama, siyo ile wanayotengeneza kwa mashine.

Nimebadilisha zipu. Halafu nikashonea kipande cha kitenge cha njano nyuma ya kofia ya koti. Huko watu wote wanafanana, wamefunikwa mpaka macho, na mwanangu nataka nimjue. Kanuna. Mwanamke mzima, ana kazi na gari, ananuna kwa sababu ya kitenge.

Baba Thandi hataki kwenda. Goti. Kila asilolitaka, goti. Harusini hachezi, goti. Mtaa wetu wote wa Bertrams unalijua goti la Baba Thandi. Nimemwambia haendi kucheza, anakwenda kukaa. Kakubali bila kuniangalia.

Ijumaa, 12 Julai

Chapati za njiani tayari. Mayai tayari. Baba Thandi kakaa dirishani jioni nzima. Nimemuuliza kama anaumwa. Haumwi.

Nimemwacha. Mtu huyu ninaye tangu Morogoro, alipokuwa mkimbizi mwembamba wa siasa anayejifunza Kiswahili kwa wauza nyanya. Namjua akiwa na hasira na namjua akiwa na njaa. Kachoka tu.

Jumamosi, 13 Julai

Ni usiku, sijavua hata sweta. Naandika hivyo hivyo.

Thandi yu hai. Hilo kwanza.

Tulifika mlimani jua limeshatoka. Nyeupe mpaka macho yanauma. Nikaingiza mguu pembeni ya barabara, ukazama mpaka gotini, laini kama unga wa sembe. Nikacheka peke yangu. Baba Thandi alisimama kando ya gari akiangalia mlima, muda mrefu. Kisha akamwambia Thandi asivuke bendera za mpaka upande wa kushoto, theluji ya kule haijashikana. Thandi akacheka. Na mimi nikacheka. Mtu wa Soweto, anajua nini kuhusu theluji?

Mgahawa uko juu, mteremko unaanzia pale pale mlangoni. Tukakaa kibarazani. Chai mbaya, bei mbaya zaidi. Nikawa namfuata Thandi kwa ile njano. Anashuka, anavutwa na kamba kurudi juu, anashuka. Vizuri tu.

Halafu akavuka bendera. Nilimwona. Kule theluji ilikuwa nzima, haijakanyagwa na mtu, nadhani ndiyo iliyomvuta. Akashuka kidogo, akainua mikono kwa furaha. Theluji ikameguka chini yake. Njano ikapotea bondeni.

Nikainuka, kikombe kikaanguka.

Wafanyakazi walikimbilia pikipiki yao ya theluji, ikazama palepale. Nikageuka. Kiti cha Baba Thandi kitupu. Nikadhani kaenda kuita watu. Akatoka kwenye kibanda cha kukodisha vifaa amevaa yale mabuti magumu, mbao mkononi. Akaziweka chini, akazikanyaga, zikashika. Hakuonyeshwa na mtu. Akaenda.

Nililia kama niliyefiwa na wawili.

Hakuanguka. Narudia, maana bado siamini. Hakuanguka. Theluji ilimfika kiunoni, nikawa namwona nusu tu, vumbi jeupe linapanda nyuma yake. Kulia, kushoto, kulia. Taratibu, kama mtu anayekwenda dukani kwa njia anayoijua. Na magoti yanakunjuka na kukunjika. Goti lile lile! Watu wakaacha kula. Mama aliyetuuzia chai akaniuliza kama mume wangu ni mwalimu wa hapo.

Nikamjibu, "Hajui kuteleza." Huku mama wa watu anamwona. "Hajui kabisa."

Akafika pale njano ilipopotelea. Akavua ubao mmoja akachimbia, kisha akachimba kwa mikono. Njano ikatokea. Wale wa kazi wakafika baadaye na machela wakamkuta Thandi ameshakaa, anatapika, analia, mkono umevunjika. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Wamemfunga mkono huko huko. Baba Thandi kaendesha gari mpaka Johannesburg. Thandi akauliza kutoka kiti cha nyuma, "Baba, ulijifunza wapi?" Akajibu, "Zamani."

Jumapili, 14 Julai

Hospitali asubuhi. Plasta mpaka kwenye kiwiko. Thandi atakaa kwetu.

Nimemuuliza Baba Thandi. Nimefunga mlango wa jikoni nikamuuliza vizuri, kwa adabu: ulijifunza wapi?

"Hukuwahi kuniuliza, Mama Thandi."

Nimetupa mfuniko wa sufuria. Mwanamke gani Morogoro, anaposwa, anamuuliza bwana kama anajua kuteleza kwenye theluji? Mjomba wangu alimuuliza dini, ukoo, na kama anakunywa pombe. Alipaswa kuuliza theluji pia?

Nimepika pap, ugali wa huku, na dagaa. Nimempakulia, sikukaa naye. Nina hasira, nina aibu, na namshukuru, vyote kwa pamoja. Kaniokolea mwanangu mtu nisiyemjua.

Jumatatu, 15 Julai

Nimeshona mkono wa gauni ndani nje. Nimefumua. Mama Furaha kaja kupima nikamwambia yote, sikuweza kujizuia. Kashika kichwa. "Eh, Mama Thandi! Bwana alikuficha hivi miaka yote? Pengine iko na bibi mwingine kule kwenye baridi!"

Sikuwa nimefikiria hilo. Sasa nalifikiria. Namwangalia anavyokoroga chai, anavyofunga kamba za viatu. Kila kitu chake naona ni cha kuazima.

Jumanne, 16 Julai

Kaniambia. Hakuna mwanamke. Afadhali angekuwepo, ningejua pa kumpiga.

Alikuwa kijana mdogo, katoka nyumbani bila kuaga. Wakubwa wa mapambano dhidi ya makaburu walimpeleka na wenzake nchi ya baridi kujifunza kazi ya askari. Majira ya theluji askari wa kule wanatembea kwa mbao. Alifundishwa, akapenda. Goti liliumia huko. Mimi miaka yote najua liliumia kwenye mpira.

Siku ya kuondoka mkuu wao aliwasimamisha mstari. Akawaambia, mlikokuwa hakuna wa kujua. Mama asijue, mke asijue, mpaka mtakapoambiwa. Kisha akaletwa Tanzania, akanikuta mimi.

Nikamuuliza, na mlipoambiwa?

"Hatujaambiwa."

Nilidhani anatania. Hatanii. Tumerudi huku, bendera imebadilishwa, wenzake wengine wamekuwa wakubwa, wengine tumewazika. Hakuna aliyekuja kumwambia yamekwisha. Naye anangoja. Mama yake alimuuliza siku ile ya kurudi, amemshika mashavu: mwanangu, ulikuwa wapi? Akamjibu Tanzania. Akafa na jibu hilo. Analisema hilo akiangalia meza.

Ile theluji ilinishtua. Hili limenivunja.

Ijumaa, 19 Julai

Gauni limechukuliwa. Mama Furaha anataka kujua habari za bibi wa kwenye baridi. Nimemwambia hakuna, aende harusini.

Jumamosi, 20 Julai

Jua kidogo. Thandi kwenye kochi, plasta juu ya mto. Nilitaka kufumua kile kitenge kwenye koti, kanikataza.

Baada ya chakula Baba Thandi alikuwa anaosha vyombo. Nikasimama mlangoni, nikamwita kwa jina lake, Themba, jina ambalo simwiti. Nikamwambia, "Nimekuja kukuambia. Yamekwisha. Sema."

Akafunga bomba. Akasimama wima, mikono inachuruzika maji, kama anayesubiri nimalizie. Nikamwambia ndiyo hiyo tu, hakuna zaidi. Akajifuta mikono polepole kwa taulo, kidole kwa kidole. Akalia. Nikamvutia kiti.

Thandi kazima televisheni, kasogea karibu yake. Baba yake anaongea Kizulu, anaongea Kiswahili, anachanganya. Chai imepoa, nimepasha, imepoa tena. Hadithi yake imefika kwenye stesheni ya treni, usiku wa kwanza, wanagawiwa makoti makubwa kuliko wao. Kwenye mbao hajafika bado.