Bibi Hali Peke Yake

Mama, shikamoo.

Ukirudi kutoka shamba la kijiji usinitafute. Nimekwenda kule shuleni walikowatenga wagonjwa wa kipindupindu, nikamwuguze mdogo wangu Gaspari. Mganga ametaka ndugu mmoja kwa kila mgonjwa.

Maji ya kunywa nimechemsha, yako kwenye mtungi uliofunikwa. Bibi akisema yana ladha ya sufuria, mwambie ndiyo ladha ya uzima.

Sasa huyo Bibi. Tangu Gaspari achukuliwe alikuwa hali, tukadhani ni huzuni tu. Leo asubuhi nikamwekea ugali wa uwele na mlenda kwenye kibakuli chake, kama tulivyoagizwa, kila mtu na chombo chake. Akakisukuma. "Mnanitengea chakula kama mbwa? Nimewakosea nini?" Kumbe tangu azaliwe hajawahi kuchovya mlenda peke yake!

Nikachukua changu, nikaketi kizingitini. "Bibi, basi mbwa tuko wawili."

Akacheka hadi machozi. Kisha akafumba macho, akamshukuru Mungu kwa bakuli lake, kwa langu, na kwa la Gaspari huko aliko. Akala akamaliza. Kanisa limefungwa, lakini nilisema amina kwa moyo wote, mimi huyu unayenifinya wakati wa misa.

Jioni keti pale kizingitini na bakuli lako, mama. Usimwache ale peke yake.

~~Nitarudi kesho.~~ Nitarudi karantini ikiisha. Bakuli langu lioshe kwa maji ya moto, uliweke karibu na lake.

Mwanao Alute,
mbwa wa pili wa Bibi