Mtoto Niliyesema Sina

Clarkdale, 11 Februari

Mama mpendwa,

Nisamehe kwa kukaa kimya tangu Krismasi. Kila jioni nasema leo naandika, nasinzia kalamu ikiwa mkononi. Naomba baraka yako. Magoti yanaendeleaje? Na Nereida wangu, kikohozi kimepoa? Mimi mzima, ila nimechoka.

Kazi ndiyo ile, kwenye treni ya watalii kando ya Mto Verde. Dereva akipunguza mwendo chini ya genge la mawe, nashika kipaza sauti nawaonyesha kiota cha tai. Nawaambia dume na jike hupokezana kuatamia. Huyu haruki mpaka yule atue. Wageni huguna kwa huruma.

Jana bibi mmoja kwenye behewa la wazi akaniuliza, "Na wewe mwanangu, una watoto?"

Nikamjibu, "Sina."

Niliogopa ataniuliza mtoto yuko wapi.

Binti yako,
Rosaura

Douglas, 3 Machi

Mwanangu,

Mungu akubariki. Magoti ni yale yale. Kikohozi kiliisha zamani, ungeuliza mapema ungejua. Nereida ananiita mama, sikumfundisha. Anakula maharage yake, anafukuza kuku, ameshazoea. Mwache hapa. Wewe umemwambia mgeni huna mtoto. Basi mimi ninaye.

Mama yako

Clarkdale, 7 Aprili

Mama,

Naomba baraka yako, hata kama umekasirika. Barua yako niliisoma, nikaificha, nikaisoma tena. Maneno yale nilistahili. Lakini mtoto sikukupa, nilikuomba unishikie.

Mayai ya tai yameanguliwa. Jumapili abiria mwingine akaniuliza kama nina mtoto. Nikasema ninaye, wa miaka miwili, yuko kwa bibi yake, na anakuja. Kumbe kipaza sauti kilikuwa wazi, treni nzima ikasikia. Msimamizi akanitania, "Rosaura, watu wamelipia tai, si wewe." Nikacheka, nikaenda kulia chooni.

Chayo, jirani yangu, atakaa naye nikiwa safarini. Kitanda cha pili kipo. Ni chako ukija hata kesho. Ukininunia nitaumia, ila neno langu silibadilishi.

Kaka Lázaro atapita kwako Jumamosi. Naomba umpe Nereida, kadi yake ya chanjo, viatu hata kama vinambana, kikombe anachokipenda, na karatasi uniandikie jinsi unavyomlaza: unaanza na nini, unamwimbia nini, taa unaizima saa ngapi, maana mimi sijui tena.

Binti yako,
Rosaura