Kilimi cha Zumari

Lisekese, Ijumaa, baada ya magharibi

Waseme wanavyotaka. Leo sikunyamaza kwa woga.

Nilikuwa nimekaa kibarazani na kilimi cha zumari mdomoni nikikilainisha kwa mate, kama kila siku kabla ya kupiga, askari wawili wa boma wakatokea. Tangu vita vya maji viishe hawataki kusikia ngoma wala zumari. Mmoja akaninyang'anya bomba la zumari.

"Hili ndilo linalowaita watu?"

Sikumjibu. Ningefungua kinywa angekiona kilimi. Akalivunja bomba kwa buti, wakaenda zao wakicheka.

Wajinga! Bomba halilii. Kinacholia ni kilimi, kile kipande cha ukindu: ukikibana kwa midomo ukapuliza, kinatetemeka na kuitetemesha pumzi. Bomba linaikuza sauti tu, na matundu yanaipa unene na wembamba. Hata lile zumari la shaba la Mdachi wa bendi, analoliita saksofoni, nililibeba mwenyewe kutoka Lindi nikalichungulia. Mdomoni lina kipande cha tete. Kitoe, uone kama shaba yote ile itasema neno.

Mke wangu aliviokota vipande huku analia. "Baba Zuhura, umekubali hivi hivi?"

Nikakitema kilimi kiganjani, nikamwonyesha. Akajifuta machozi.

Naogopa, sijidanganyi. Wakinisikia tena nitalazwa chini nichapwe hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Lakini nitachonga bomba jingine. Mpingo haujaisha katika misitu ya Chiwata.