Mnong'ono Jukwaani

Dada mpenzi,

Hatujambo, na mtoto ameota jino. Jumapili asubuhi mimi na shemeji yako tulikwenda kuliona jukwaa la muziki la bustani ya jiji. Viti vya mawe vinapanda kama kilima. Mimi nikabaki chini jukwaani; shemeji yako alipanda mpaka juu kabisa, akaonekana mdogo kama kidole.

"Nong'ona tu, mama," mfagizi akaniambia. "Atakusikia."

Sikuamini. Nikanong'ona neno lililonishinda kumwambia wiki nzima: "Daktari amesema uvimbe wangu ni saratani."

Sauti yake ikanifikia kana kwamba yuko begani kwangu: "Nimekusikia, mke wangu. Nakuja."

Mawe yale yanabeba hata pumzi ya mtu. Akashuka mbio, akanishika mkono, na hadi leo hajauachia.

Matibabu yanaanza Jumatatu. Tuombee.

Mdogo wako