Mikono ya Mama Isiyoungua

Jumanne, 11 Machi 1975. Asubuhi ukungu, kisha manyunyu.

Mama ameipua tena chungu cha maharage kwa mikono mitupu. Jirani akacheka: "Mama Tereza, wewe una mikono ya chuma!" Mama akafurahi. Mimi nikaona lengelenge kidoleni mwake. Mwenyewe hakuwa na habari.

Nikakumbuka somo la neva, kidato cha tatu. Habari ya moto hukimbia kama umeme. Ikifika penye mwanya kati ya seli mbili, inavushwa na kemikali, halafu inakuwa umeme tena. Siku nzima nikipalilia mpunga nimeiona kama barua inayovushwa mito, mto baada ya mto, hadi kichwani. Kwa mama barua haiondoki kabisa.

Jioni nilimwambia afumbe macho, nikampitishia unyoya wa kuku kwenye kidole kile mara tatu.

"Mwanangu, mbona huanzi?"

Nikasema naanza sasa, nikamgusa nao shavuni. Akacheka sana.

Naogopa ni ukoma. Kesho tunakwenda zahanati, hata akikataa.

Nimevuta utambi wa koroboi kwa kidole, ukaniunguza, nikashukuru. Saa tano na nusu, nalala.