Maneno ya Torao Mlangoni mwa Karakana

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
Jumatatu, 5 Mei 2025

Mjomba wangu mpendwa, shikamoo.

Ninakuandikia kwa sababu moja, nami naitaja mapema ili usidhani nimekuja kwa kuzunguka: nahitaji uthibitisho wako juu ya maneno yanayosemwa na Torao katika sehemu ya mwisho ya *Karakana ya Ngurumo*, ile katuni ya Kijapani uliyokuwa ukiitafsiri kwa sauti yako katika kibanda umiza, kile chumba cha kuonyeshea video cha Gerezani, nilipokuwa na umri wa miaka minane.

Kabla ya hayo, hali yako? Mama anasema jeraha la koo linakauka vizuri na kwamba uji sasa unapita bila shida. Nilifika kwako mara mbili baada ya upasuaji, na mara zote mbili jirani yako Bi Fortunata alinieleza kuwa umelala. Nimekwisha kuelewa kwamba hutaki kuonwa ukiandika majibu kwenye daftari mbele ya watu waliokuzoea ukizungumza. Sikulaumu. Ndiyo maana nimechagua barua, ambayo haimdai mtu sauti. Bi Fortunata ameridhia kuzibeba kila apitapo dukani kwetu akielekea Mchikichini kwenye cherehani yake.

Sasa jambo lenyewe. Studio ya Sauti Pana inaandaa toleo la Kiswahili la mwendelezo wa katuni hiyo, *Karakana ya Ngurumo: Kizazi Kipya*, na inatafuta mwandishi mmoja wa maneno ya wahusika. Tuliomba zaidi ya mia mbili, tumebaki sita. Kila mmoja ametakiwa kuwasilisha, kabla ya Ijumaa, makala ya kulinganisha katuni ya kwanza na mwendelezo wake. Mjomba, huu ni mwaka wa pili tangu nihitimu shahada yangu ya fasihi, na kwa miaka yote miwili nimekuwa nikikunja khanga dukani kwa Mama. Siidharau kazi yake, kwani ndiyo iliyonisomesha. Lakini wateja wameanza kuniita “msomi wa doti”, nami hucheka nao, kisha nikienda stoo sicheki.

Hoja yangu ni hii. Katuni ya kwanza ilichorwa kwa mkono: moshi wa karakana unatikisika kidogo, kana kwamba mchoraji alikuwa na usingizi, na ndani ya moshi huo fundi mjane Torao anamlea binti yake Sayo hadi siku binti anapopanda chombo walichokiunda pamoja na kwenda vitani juu ya mawingu. Mwendelezo umechorwa kwa kompyuta. Mawingu yake yanang'aa mno, wahusika wanasema kila wanachokihisi, na chombo kile kilichokuwa kikiguna kama mzee sasa kinateleza bila mlio. Hayo ningeyavumilia. Lakini Sayo amerudi, mtu mzima, naye anamwambia baba yake: “Siku ile hukuniambia hata neno moja.”

Hata neno moja! Ilhali mimi nayakumbuka yote:

“Sayo, mwanangu, nikinyamaza usidhani moyo umefunga duka. Nenda. Taa ya karakana sitaizima. Na siku ukiikuta imezimwa, jua nimetoka kukutafuta.”

Makala yangu yote yamesimama juu ya hapo: kwamba waandishi wa mwendelezo wameisahau katuni yao wenyewe. Toleo la Kijapani la katuni hiyo ya kwanza nimeliona juujuu tu, kwa kurukaruka, maana nilidhani sina jipya la kujifunza humo. Naomba basi unithibitishie: je, ndivyo alivyosema Torao?

Mpwa wako mtiifu,
Zamda

---

Gerezani
7 Mei 2025

Mpwa wangu Zamda,

Marahaba, tena marahaba ya kutosha mpaka Idi. Mimi mzima, ila shingoni wameniachia tundu, na upepo ukipita napiga mluzi bila kukusudia. Aliyefaidika na ugonjwa huu ni Fortunata. Anakuja asubuhi, anaongea, anajijibu, anaaga. Zamani nilikuwa namkatiza. Sasa kibanda ni chake.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kiswahili chako kimevaa suti, mpwa wangu. Nimejiona kama niko mbele ya hakimu.

Maneno ya Torao hukukosea hata herufi. Ndivyo yalivyosikika pale kibandani, na watu wote walitulia, hata wale mafundi wa gereji ambao kazi yao ilikuwa kunizomea.

Ila nikushauri kitu kama mjomba. Hiyo hoja ya moshi ni nzuri sana. Moshi unatikisika, mchoraji ana usingizi, safi kabisa. Kwa nini usiiweke hiyo mbele, na ya maneno uiweke nyuma kidogo? Au uiache? Makala ikibebeshwa hoja moja ni kama meza ya mguu mmoja.

Msalimie mama yako. Mwambie supu ya kongoro iliteremka.

Mjomba wako,
Uledi

---

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
Jumatatu, 26 Mei 2025

Mjomba, shikamoo.

Naomba Mungu barua hii ikukute na nafuu. Mimi sina.

Sikuufuata ushauri wako. Nilisoma pale uliposema sikukosea hata herufi, nikaona inatosha, nikaiweka hoja ya maneno katika ukurasa wa kwanza kabisa. Ijumaa iliyopita niliitwa kuitetea. Nilivaa gauni lile la mahafali. Mwenyekiti wa jopo, Bi Nirali, alinisifu kwa lugha, kisha akazima taa na kuwasha kioo kikubwa: sehemu ya ishirini na nne, sauti ya asili, Kijapani.

Mjomba, ni sekunde arobaini na moja. Torao amesimama mlangoni na spana mkononi. Upepo unavuma, mnyororo unagongana na bati. Sayo anamtazama. Kisha anapanda chombo na kuondoka. Basi.

“Dada Zamda,” Bi Nirali akasema, “nionyeshe anaposema.”

“Huenda toleo hili limekatwa, Mheshimiwa.”

“Limekatwa mdomo? Hebu mwangalie. Hajafumbua kinywa tangu mwanzo mpaka mwisho.”

Akarudia kipande kile mara ya pili, polepole, kwa heshima, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Mzee mmoja wa jopo, mwenye miwani, akauliza: “Na huyu Mjapani alifungua duka lini, mpaka moyo wake ufunge? Au naye alipanga fremu hapa Msimbazi?” Wakacheka. Nami, kwa aibu, nikacheka nao.

Wanaamini nimetunga ushahidi. Nimepewa hadi Jumanne, tarehe 10 Juni, saa nne asubuhi, nifike nieleze nilikoyatoa maneno yale. La sivyo jina langu litafutwa, na Bi Nirali alinikumbusha kwamba studio za mji huu ni chache na zinafahamiana.

Nimeisoma tena barua yako. “Ndivyo yalivyosikika pale kibandani.” Ulichagua maneno yako kwa uangalifu mkubwa, Mjomba. Ulijua.

Zamda

---

Gerezani
29 Mei 2025

Mpwa wangu,

Umesahau kuweka “mpwa wako” pale chini. Nimeona.

Nilijua. Sasa nikueleze kazi yetu ilivyokuwa, maana nyie mliozaliwa na simu mnadhani mtafsiri ni mtu anayejua lugha mbili. Mimi nilijua moja. Bwana Devendra, mwenye kibanda, alikuwa ananikabidhi diski mchana. Sauti Kijapani, maandishi ya chini Kichina. Naiangalia mara moja, mara ya pili naanza kutafsiri moja kwa moja kwenye maikrofoni, watu wamejaa. Torao na Sayo nilijua majina yao kwa kuwasikia wakiitana. Yaliyobaki nilisoma kwenye nyuso. Mtu akikunja uso, namgombeza. Akilia, namfiwisha. Mara nyingi nilipatia.

Lakini kibandani ukimya ulikuwa haramu. Mhusika akinyamaza kwa muda wa kupenga kamasi tu, unawasikia, maana mtafsiri walimwita DJ: “DJ, umeme umekatika mdomoni?” “DJ, amka, shemeji yetu anaondoka!” Kwa hiyo nilijaza. Upepo ukivuma nausemesha. Na hapo mlangoni kwa Torao, mwanangu, ni sekunde arobaini na moja. Ningepigwa chupa.

Hiyo ni sababu ya kwanza, na ndiyo kubwa. Sitaki kujipamba. Ya pili ni kwamba ulikuwa umekaa benchi la mbele. Hashimu, baba yako, alikuwa na mwezi mmoja tangu apande basi la kusini kwenda Msumbiji, na kila siku ulikuwa unakuja kwangu: “Mjomba, baba alisemaje alipoondoka?” Nami nakupa andazi. Siku ile nikakuona umeinua uso unamsubiri Torao aseme. Nikasema mimi.

Sasa nakuomba. Jina langu usilitaje. Nikipita kwenye gereji hizi vijana bado wanaita “DJ Uledi!”, na wazee wananiambia hakuna aliyekijua Kijapani kama mimi. Sauti imeondoka, nimebaki na hicho tu. Waambie uliyasoma mtandaoni. Nani atakagua mtandao wote?

Mjomba wako (mimi naandika),
Uledi

---

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
Jumatano, 4 Juni 2025

Mjomba wangu, shikamoo.

Natumaini umeamka salama. Bi Fortunata ameniambia kwamba kwa siku sita umekuwa ukimuuliza kwa ishara kama amepewa barua, na kwamba jana ulimnyang'anya mkoba ukautazama mwenyewe. Niwie radhi. Nilikuwa natazama.

Nimeitazama katuni ya kwanza yote, sehemu ishirini na nne, kwa Kijapani, nikisoma tafsiri iliyoandikwa chini na vidude vya masikioni vikinizuia nisimsikie mtu mwingine. Sikuitambua. Yule jirani mcheshi wa tafsiri yako, mwenye kumtania Torao kwamba chombo chake kinakohoa kama mvuta sigara, ni mzee aliyefiwa ambaye katika sehemu zote anasema sentensi nne. Yule mama muuza tambi hamtongozi mtu. Anauliza bei ya makaa. Na Torao, Mjomba, ni mtu mgumu. Hamwelezi binti yake chochote. Katuni niliyokua nayo ilikuwa na joto. Hii ina baridi, na ni kazi bora sana.

Kwa hiyo makala yangu yameanguka yote. Mwendelezo haukusahau kitu. Wahusika wa kizazi kipya wanasema mno kwa sababu waliolelewa na mtu asiyesema huja kusema mno. Na Sayo anaporudi na lile lalamiko lake, anadai sekunde zile arobaini na moja, ambazo waandishi walizikumbuka na kuzitunza kwa miaka mingi. Mimi ndimi nisiyezijua. Nilidhani ninalinganisha katuni mbili, kumbe nililinganisha katuni moja na wewe.

Nimeandika makala mapya kwa kauli hiyo. Kuhusu mtandao, nisamehe, siwezi. Mtu anayeomba kazi ya kuandika maneno ya wengine hawezi kuianza kwa kusema uongo juu ya maneno yalikotoka. Nitawaeleza kwamba utotoni nilitafsiriwa katuni hiyo na mtu niliyemwamini. Wakiniuliza jina, sitalitaja. Najua hawataniamini, kwa kuwa hadithi isiyo na shahidi ndiyo hasa wanayonituhumu kuitunga, na najua nafasi itakwenda. Nimemwambia Mama ajiandae kuwa nami dukani mwaka mwingine. Aliendelea kupanga doti, hakunitazama.

Bado nimekukasirikia, wala sioni haya kuandika hivyo. Kwa miaka kumi na minane nimebeba maneno ya Torao kana kwamba ni ya baba. Shuleni, siku za wazazi, niliyarudia moyoni. Kumbe nilipewa andazi jingine.

Kwa hiyo nakuuliza tena, nikiwa mtu mzima, nawe ndiwe peke yako uliyemsindikiza hadi kwenye basi: baba alisemaje alipoondoka?

Mpwa wako,
Zamda

---

Gerezani
Jumapili, 8 Juni 2025

Mpwa wangu Zamda,

Idi njema iliyopita. Pilau la mama yako limefika, nimelisaga, nimelinywa. Usicheke.

Umeuliza. Hakusema kitu. Alinipa mkono, akapanda, akakaa dirishani. Nikagonga kioo, nikamuuliza, “Mtoto nimwambieje?” Alinitazama. Basi likaondoka.

Nimekaa na karatasi hii tangu alfajiri, nikitaka kuongeza neno hapo. Nimeandika, nimefuta mara tatu, Fortunata shahidi, sakafu yote makaratasi. Sikuongeza.

Jana baada ya swala walikuja vijana wa gereji kunipa mkono wa Idi. Mmoja akasema, “DJ, tusemeshe kidogo Kijapani.” Nilichukua daftari nikaandika: *Sikijui. Sikuwahi kukijua.* Wakapokezana kusoma. Mmoja akasema, “Tulijua, mzee, yule Mjapani alikuwa anatukana matusi ya Temeke.” Mwingine hakucheka. Alirudisha daftari, akaenda zake, na leo hajapita. Huyo ndiye aliyekuwa akinisifia zaidi ya wote.

Nakuja na wewe Jumanne. Hilo jopo litaniuliza, nami nitaandika, na wao watasubiri nimalize. Sijui kama watanielewa. Sijui kama itakusaidia au itakumalizia kabisa, maana mwandiko wangu ni wa mtu wa darasa la saba na tundu langu linapiga mluzi nikipanda ngazi. Ila jina litajwe. Andika kwenye makala yako: Uledi, mtafsiri, Gerezani.

Sijatoka nje ya mtaa huu tangu Februari. Usije na mama yako, ataanza kulia tukachelewa. Usinisemee kwa watu njiani; wakinisalimia, nitainua mkono.

Jumanne, saa tatu kamili asubuhi, kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Gerezani, upande wa tiketi.

Mjomba wako,
Uledi